Kibao Kimebanduliwa, Lakini Kukiri Kwao Hakujafika Kwetu

Karibu na nyumba ya binti yangu hapa Riverdale Park, Maryland, kwenye barabara ya Kenilworth, kuna kituo cha mafuta chenye kiduka ndani yake. Mie hupita pale asubuhi nikitoka matembezini, nikanunua kahawa. Nyuma ya muuzaji zimepangwa sigara ukuta mzima, na kwa karibu miaka miwili palitundikwa kibao mbele ya sigara hizo.

Siku ya kwanza nilipokiona nilidhani ni tangazo la wizara ya afya. Nikavaa miwani, nikasogea. La, hayakuwa maneno ya wizara. Yalikuwa maneno ya wenye sigara wenyewe. Kibao kilieleza kwamba mahakama imeyaamuru makampuni ya sigara yaseme haya, kisha yakafuata maneno yenyewe: uvutaji wa sigara unaua, kwa wastani, Wamarekani 1,200 kila siku. Muuzaji, kijana wa Kihabeshi mwenye adabu zake, akaniuliza, "Mzee, nikupe ipi?" Nikamwambia, "Usinipe, mwanangu. Leo nimekuja kusoma."

Amri ile ilikuwa na muda wake. Vibao vilitakiwa vikae madukani kuanzia Oktoba 1, 2023 hadi Juni 30, 2025. Muda ukesha, kibao kikabanduliwa. Sigara hazikubanduliwa, ziko pale pale na rangi zake.

Miezi 21 ya kusema kweli, baada ya miaka zaidi ya 50 ya kusema uwongo. Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba hata hiyo miezi 21 sisi hatukupewa. Kibao kile hakikutundikwa Mombasa wala Dar es Salaam, Unguja wala Maskati, Doha wala Dubai. Watu wetu wanavuta sigara zilezile, na mpaka leo aliyezitengeneza hajalazimishwa kuwaambia kwa kinywa chake kwamba alijua. Sisi nasi, badala ya kumuuliza yeye, kila siku tunamgombeza mvutaji.

Kwanza niwasimulie kesi yenyewe, maana wengi hawaijui.

Serikali ya Marekani iliyashtaki makampuni makubwa ya sigara mwaka 1999, mjini Washington. Mahakama si mbali na hapa. Treni ya MARC inayosimama Riverdale Park inaishia Union Station, na kutoka hapo hata mzee kama mimi anafika mahakamani kwa miguu. Sheria iliyotumika ni ileile iliyotungwa kuwanasa wakuu wa magenge ya wahalifu. Jaji alikuwa mwanamke, jina lake Gladys Kessler. Kesi ilisikilizwa kwa miezi tisa hivi, na Agosti 17, 2006 akatoa hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600.

Hukumu inaanza mbali. Desemba 1953, wataalamu walipokwisha kuonyesha kwamba sigara na saratani ya mapafu zinafuatana, wakuu wa makampuni walikutana katika hoteli moja New York. Hao ni watu waliokuwa wakigombania wateja mchana na usiku, lakini siku hiyo walikaa meza moja. Januari 4, 1954 wakatoa tangazo katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani, wakiahidi kwamba afya ya watu kwao ni jukumu linalotangulia kila kitu, na kwamba watagharimia utafiti. Kumbe kazi ya ahadi hiyo ilikuwa kupanda shaka tu: "bado haijathibitika," "wataalamu hawajakubaliana." Mtu akishapewa shaka, anawasha nyingine.

Miaka 40 baadaye, Aprili 14, 1994, wakuu saba wa makampuni hayo walisimama mbele ya kamati ya Bunge hapahapa Washington, wakanyanyua mkono wa kulia wakala kiapo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakasema hawaamini kwamba nikotini inamnasa mtu. Nyaraka zao wenyewe, zilizokuwa makabatini, zilisema kinyume. Leo mamilioni ya kurasa za nyaraka hizo zimewekwa wazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Jaji Kessler aliamua kwamba walijua, wakaficha, wakadanganya, na walifanya hivyo kwa kupatana. Serikali ilitaka makampuni yatoe dola bilioni 280 za faida waliyovuna. Mahakama ya rufaa ikasema sheria ile hairuhusu. Basi moja kati ya adhabu zilizobaki ikawa ni kusema kweli hadharani. Hata hilo makampuni yalilipigania neno kwa neno kwa miaka 11. Matangazo yalianza magazetini na kwenye televisheni Novemba 2017, na vibao vya madukani vikafuata 2023. Jaji Kessler alifariki Machi mwaka huo, miezi michache kabla. Hakuviona.

Sasa niwape yale waliyoamriwa kuyasema. Ni mambo matano. Nayaandika kwa Kiswahili chetu, kwa maneno yangu.

La kwanza, afya. Kwamba sigara zinaleta saratani ya mapafu, ya mdomo, ya koo, ya kibofu na nyinginezo, zinaleta ugonjwa wa moyo, na zinakausha mapafu mpaka mtu anahema kama aliyepanda mlima ilhali amekaa kitako. Na kwamba Marekani sigara zinaua watu wengi kila mwaka kuliko mauaji, ukimwi, kujiua, dawa za kulevya, ajali za magari na pombe, vyote vikijumlishwa.

La pili, nikotini. Kwamba inanasa, na inabadilisha ubongo wa mvutaji. Ndiyo maana kuacha ni kugumu.

La tatu, sigara "nyepesi," zile zilizoandikwa Lights. Kwamba si salama kuliko nyingine. Mvutaji wake huvuta kwa nguvu zaidi, au huvuta nyingi zaidi, mpaka apate nikotini ileile aliyoizoea.

La nne, na hili wallahi lilinikalisha chini: kwamba sigara zilitengenezwa makusudi zimnase mtu. Walichagua vichungi na karatasi ili mvutaji apate nikotini nyingi iwezekanavyo, waliongeza amonia ili moshi usikwaruze koo, na walipima mchanganyiko wa tumbaku kwa shabaha hiyohiyo.

La tano, moshi wa mwenzako. Kwamba unaua Wamarekani zaidi ya 38,000 kila mwaka, watu ambao wao hawavuti. Unawaletea watoto maradhi ya kifua na ya masikio, na unazidisha pumu. Hakuna kiasi cha moshi huo kisicho na madhara.

Haya hayakusemwa na shekhe, wala daktari, wala mama mkwe. Yamesemwa na muuzaji.

Niliposoma la tatu nilimkumbuka kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kaka alikuwa mkubwa wangu kwa miaka 14. Alihamia Maskati mwaka 1974, wakati Oman ilipokuwa inawaita watu wake warudi kuijenga nchi. Alifanya kazi, akajenga, akatusomesha sisi wadogo zake tuliobaki Mombasa. Na alikuwa akivuta sana. Daktari alipomwambia kifua chake kimeharibika, akaacha zile kali akahamia "nyepesi." Alinipigia simu kwa furaha. Aliniambia, "Hizi si kama zile." Alidhani amepiga nusu ya safari ya kuacha. Kumbe ndipo mtego ulipokuwa: kichungi kina vitundu vidogo vya kupitisha hewa, ambavyo vidole na midomo huviziba, na mtu akikosa nikotini yake anavuta kwa nguvu zaidi. Mashine ya kupimia ilisema nyepesi. Mapafu ya kaka hayakuwa mashine. Alivuta "nyepesi" miaka 11, na mwaka 2009 tukamzika.

Sasa nikiri na mimi. Katika miaka yake ya mwisho nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia, "Wewe una imani dhaifu. Mtu anashindwaje na kijiti?" Yeye akanyamaza. Matangani nikamsikia mtu akisema ati marehemu alijitakia mwenyewe, na mimi sikumjibu, kwa sababu moyoni nilikuwa nimesema vilevile.

Imani dhaifu? Kaka yangu alifunga Ramadhani katika joto la Oman, akaacha maji tangu alfajiri mpaka magharibi, maji ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake. Aliweza. Lakini ikiadhiniwa magharibi, baada ya tende moja, mkono ulikuwa unakwenda kwenye pakiti. Hebu tufikiri. Mtu anayemshinda kiu na njaa siku 30, halafu akashindwa na kijiti, aliyekosa nguvu ni yeye, au kijiti kile kimetengenezwa kwa hesabu? Wenyewe wamekwisha kutujibu: la nne.

Nami nilikuwa mvutaji, miaka 19. Nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, na mapumziko nilikuwa nikivuta nje ya ofisi, watoto wakiniona. Siku moja niliingia darasani nikamkuta mwanafunzi kasimama mbele ameshika kipande cha chaki kati ya vidole viwili, anapuliza juu na kukunja uso kama mimi. Darasa zima linacheka. Nilicheka na mimi, lakini usiku sikulala. Kumbe miaka yote nilikuwa wakala wao bila mshahara. Kuacha kulinichukua majaribio manne.

Turudi kwenye swali: kwa nini kukiri huku hakukufika kwetu?

Jibu ni la kisheria, na ni chungu. Mahakama ya Washington ina nguvu Marekani. Kampuni ya Kiingereza ya British American Tobacco, tunayoiita BAT, ilikuwa miongoni mwa waliotiwa hatiani mwaka 2006 kupitia tawi lake la Uingereza. Mwaka 2011 ikatolewa kwenye amri, kwa hoja kwamba sheria ile haifuatilii vitendo vilivyofanyika nje ya Marekani. Kisha mwaka 2017 BAT ikainunua R.J. Reynolds yote, kampuni ya Marekani iliyobanwa na amri. Matokeo yake ni haya: mali ya BAT iliyoko Marekani ilitundika kibao cha kukiri, na mali ya BAT iliyoko Kenya haikutundika. Mwenyewe ni mmoja.

Marlboro nazo ni hivyohivyo. Hapa Marekani zinauzwa na Philip Morris USA, iliyolazimishwa kukiri. Nje ya Marekani, pamoja na huko Ghuba, zinauzwa na Philip Morris International, iliyotenganishwa mwaka 2008 ikawa kampuni nyingine. Pakiti ni jina moja, lakini ya Maryland ilikuwa na kibao na ya Maskati haikuwa nacho. Tanzania nako, serikali iliuza hisa nyingi za Kampuni ya Sigara, TCC, kwa R.J. Reynolds mwaka 1995. Mwaka 1999 biashara ya nje ya Reynolds ikanunuliwa na Wajapani, na TCC ikaenda nayo. Sigara moja, ndimi mbili.

Msidhani ni bahati mbaya tu ya sheria. Kwetu hawakunyamaza, walipigana. Kenya ilipotunga kanuni za mwaka 2014, zilizotaka picha za maradhi kwenye pakiti, kuzuia maofisa wa serikali wasizoeane na makampuni, na mchango wa asilimia 2 kwa ajili ya kudhibiti tumbaku, BAT Kenya ilikwenda mahakamani. Ikashindwa Mahakama Kuu 2016, ikashindwa rufaa 2017, ikashindwa Mahakama ya Juu Novemba 2019. Uganda nayo ilipata sheria yake 2015, BAT Uganda ikaipinga, nayo ikashindwa 2019. Nchi zetu zilishinda, na tujivunie. Lakini tazama tarehe: kanuni za 2014, hukumu ya mwisho 2019. Miaka mitano ya kesi nayo ni biashara.

Na Ghuba je? Mwaka 2001 ofisi ya Shirika la Afya Duniani inayohusika na nchi hizo ilitoa ripoti juu ya nyaraka za ndani za makampuni. Ilionyesha kwamba makampuni hasimu sokoni yaliungana kufuatilia mikutano ya mawaziri wa afya wa nchi za Ghuba na kupunguza makali ya sheria zao. Sisi tulikuwa tunadhani mikutano ile haina habari, kumbe walikuwepo waliokuwa wakiisoma kwa darubini.

Liko na la dini. Mwaka 2015 watafiti walichapisha, katika jarida la afya ya jamii la Marekani, walichokikuta katika nyaraka hizo kuhusu Uislamu. Makampuni yaliona mafundisho ya wanazuoni dhidi ya sigara kuwa tishio la biashara. Yakatafuta hoja za kuonyesha kwamba dini haikatazi, yakatafuta wanazuoni na washauri wa kuzisema, na yakapendelea kuwachora wanaopinga sigara kwa hoja ya dini kuwa ni watu wa siasa kali. Kwa hiyo ndugu yangu, siku nyingine ukisikia mtu barazani anasema, "Makuruhu tu hiyo, msitie watu uzito," jiulize hoja hiyo imepita mikono mingapi kabla ya kufika barazani.

Mapadri walionisomesha sekondari walikuwa wakituambia kwamba kuungama ni nusu ya kazi. Nyumbani, maalim wa chuo alitufundisha kwamba toba ina masharti: uache, ujute, uazimie kutorudia, na ukimdhulumu mtu, umrudishie haki yake. Pande zote mbili nilisikia jambo moja. Basi tuwapime hawa kwa kipimo hicho. Wameacha? Wanauza. Wamejuta? Walikiri baada ya miaka 11 ya kuburutwa. Wamerudisha haki za watu? Hapa Marekani, kidogo: mwaka 1998 majimbo 46, Maryland likiwemo, yalikubaliana na makampuni yalipwe zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25. Maryland ni nchi ya tumbaku ya tangu ukoloni. Hata hapa Riverdale Park kuna jumba la kale la Riversdale, lililokuwa na mashamba ya tumbaku yaliyolimwa na watumwa. Jimbo lilichukua sehemu ya fedha zile likawalipa wakulima ili waachane na zao hilo. Mkulima wa Tabora au Urambo, anayekata miti ya miombo kukaushia tumbaku na kuugua kwa nikotini inayopenya ngozini majani yakiwa mabichi, nani amemlipa aache?

Sasa sikilizeni la mwaka huu. Mjukuu wangu ana miaka 15. Mama yake alikuta mkobani mwake kikopo cha duara, ndani yake vifuko vyeupe vyenye harufu ya mnanaa, vya kuweka chini ya mdomo. Ni nikotini. Tukamkalisha. Hakuwa na jeuri, maskini, akanijibu kwa upole: "Babu, hii si kama sigara."

Nilihisi kama kaka yangu amenipigia simu tena.

Nitakuwa mwadilifu. Vifuko hivi havina moshi, na Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu aina 20 za Zyn ziendelee kuuzwa, ikisema zina sumu chache kuliko sigara kwa mtu mzima anayevuta na anayetaka kuhama. Sawa. Lakini mjukuu wangu hakuwa anahama popote. Alikuwa anaingia. Na anayemfungulia mlango ni nani? Zyn ni ya Philip Morris International tangu iliponunua kampuni ya Sweden mwaka 2022. Velo ni ya BAT. Vifuko vya BAT viliingia Kenya kwa jina la Lyft, vikaandikishwa katika bodi ya dawa, mpaka mwaka 2020 waziri wa afya aliposema uandikishaji huo haukufuata sheria. Ni wale wale, wamebadilisha kanzu.

Na shisha, tusijidanganye. Kwetu imekuwa pambo la harusi na la usiku wa ijumaa, mpaka mabinti wanapiga nayo picha. Shirika la Afya Duniani limesema kikao kimoja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Maji hayaoshi moshi. Harufu ya tofaa haigeuzi tumbaku ikawa tunda.

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, siku hizi nani asiyejua kwamba sigara ni mbaya? Pakiti ina picha ya mapafu yaliyooza. Anayevuta kachagua." Hoja hii ina nusu ya ukweli. Mtu mzima ana hiari, naye ataulizwa juu ya mwili wake. Lakini wengi huanza wakiwa watoto, kabla hiari haijakomaa, na baadaye hiari yenyewe ndiyo inayoshikwa na nikotini. Tena kujua kwamba kitu ni kibaya si sawa na kujua kwamba kimetegwa. Ukimwambia kijana "sigara mbaya," umempa onyo la wazee, na kijana hupenda kuvunja maonyo ya wazee. Ukimwambia "kuna watu wamekaa ofisini wakapima namna ya kukunasa, na mahakama imethibitisha," hapo umegusa heshima yake. Hakuna kijana anayependa kufanywa mjinga.

Basi tufanye nini? Naomba mambo manne tu.

Moja, yale matano yasomwe nyumbani kwa sauti, siku mkiwa pamoja. Yakateni, muyabandike jikoni. Kibao chao kimetoka, tutundike chetu.

Pili, majlisi isivutwe sigara wala shisha. Huko Ghuba nyumba zimefungwa kwa ajili ya AC, madirisha hayafunguliwi miezi sita, na moshi wa mgeni mmoja unalala na watoto usiku kucha. Ondoeni kisahani cha majivu mezani. Mgeni muungwana ataelewa, atatoka nje. Asiyeelewa, heri audhike yeye kuliko mtoto apate pumu.

Tatu, anayevuta asitukanwe. Mwambieni, "Wamekutega, nasi tuko nawe." Mpelekeni kituo cha afya, aulize kuhusu dawa na ushauri wa kuacha. Zipo bigijii na plasta za nikotini, vipo na vidonge, na mtu aliyesaidiwa ana nafasi nzuri kuliko aliyeachwa apambane peke yake. Akianguka, aanze tena. Mie nilianguka mara tatu. Na kuacha kunalipa: ndani ya mwaka mmoja au miwili hatari ya mshtuko wa moyo inashuka sana, na baada ya miaka 10 hadi 15 ile ya saratani ya mapafu inapungua kwa nusu.

Nne, na hili ni gumu, tutazame maduka yetu. Waarabu wa pwani wengi tumekula kwa duka. Marehemu baba alikuwa nalo Mombasa, na mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa nilikuwa nikisimama juu ya kreti la soda nikiuza sigara moja moja, mara nyingine kwa watoto wenzangu waliotumwa na baba zao, mara nyingine kwa ambao hawakutumwa. Baba alikuwa mcha Mungu, hakuwahi kupunja mizani. Hakuambiwa alichokuwa anauza. Sisi tumeambiwa. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kumuuzia mtoto na kuuza moja moja, na bado inafanyika, na baadhi ya maduka hayo ni ya watu wetu, pengine yanaendeshwa kwa fedha tunazotuma kutoka Maskati na Maryland. Faida ya kijiti kimoja ni senti. Mkinipigia simu mkaniambia biashara ni ngumu, nitawaelewa. Lakini msiniambie hamjui.

Mjukuu wangu bado ananitazama kwa jicho la wasiwasi, anadhani babu kakasirika. Sikukasirika naye. Majuzi tulipanda treni, tukashuka Union Station, tukatembea mpaka nje ya ile mahakama. Nikamwonyesha jengo. Nikamsimulia habari za jaji, za wakuu saba na mikono yao juu, na za babu yake mkubwa aliyeko makaburini Maskati aliyesema "hizi si kama zile." Hakusema kitu. Tulipofika kituoni kurudi, akatoa kile kikopo mfukoni, maana kumbe alikuwa na kingine, akaniwekea mkononi.

Sijui kama hatanunua cha tatu. Nikotini ni nikotini. Lakini nilikipokea kwa mikono miwili, nikamwambia jambo ambalo nilipaswa kumwambia kaka yangu nikashindwa: "Ahsante. Si kosa lako peke yako. Tutasaidiana."

Wabillahi tawfiq.